Picha ya Yotham na Moshi wa Jikoni Kwetu

Jumatatu, 3 Machi 1913

Mvua tena. Paa la stoo ya stesheni linavuja, na mchwa wameingia kasha la barua na picha za ujenzi wa reli. Bwana Mkubwa wa stesheni kasema asiyeweza kuzitunza aseme sasa. Nikasema naweza! Hamidi, karani mwenzangu, akacheka puani. Anautaka ufunguo wangu wa stoo. Hataupata.

Katika picha nimemwona Yotham, kaka wa Loisi wangu, kabeba chuma cha reli begani. Homa ilimuua huko Gulwe kabla reli haijafika kwetu. Hana picha nyingine duniani. Nilipomwambia Loisi akalia, nami nikalia. Ndoa changa hivi, na machozi tayari tunachangia!

Jumanne, 4 Machi

Loisi kapeleka habari kwao Chamwino. Baba mkwe, Mzee Mazengo, atakuja Jumapili kuuona uso wa mwanawe. Nimeahidi.

Hamidi kashauri tutafute debe lenye kifuniko, tupange humo barua na picha zikiwa kavu. Fikra za mtu asiye na mke! Mimi nilikuwa nikimtazama mpenzi wangu akishusha mbegu za mahindi kutoka uchagani, juu ya meko. Za mwaka jana, na hazina mdudu. Moshi! Loisi akasema ndivyo mama yake afanyavyo, lakini mbegu si karatasi. Sauti yake ilikuwa tamu mno, sikusikiliza maneno.

Alhamisi, 6 Machi

Kasha lote nimelileta nyumbani, mtaani Kikuyu, chini ya shuka. Barua na picha zimelala uchagani. Kuni mbichi, moshi tele. Tunakohoa pamoja, mkono kwa mkono. Hamidi ananiita bwana arusi wa jikoni. Wivu tu.

Jumamosi, 8 Machi

Mchwa hakuna. Ushindi! Ila barua zimekuwa rangi ya ugoro, na picha zimejikunja. Ya Yotham imegandana na ya garimoshi. Loisi akaniomba niiache mpaka apatikane anayejua kuzibandua. Nikavuta. Polepole, kwa upendo. Uso wa Yotham umebaki kwenye picha ya garimoshi, vipande vipande.

Loisi hajala. Nimemwimbia. Hajala.

Jumapili, 9 Machi

Mzee Mazengo kaja kwa miguu, matope hadi magotini. Shikamoo yangu ilitoka kama kikohozi. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba jua ndilo lililoficha uso siku ya kupigwa picha, lakini Loisi akamwekea picha mapajani kabla sijafungua kinywa. Mzee aliitazama sana. Kuanzia shingoni kwenda juu, hamna kitu. Kisha akagusa pale chuma kiliposhikwa.

"Mikono ni yake," akasema. "Hiki kidole kilichopinda nilikifunga mimi, alipojikata na jembe."

Akaomba aondoke nayo hivyo hivyo. Loisi akasema, "Mpe baba, Bartolomayo." Hajawahi kuniita kwa jina. Nikamsihi mzee aniachie mpaka kesho tu, niitengeneze. Hakubishana. Wamekwenda kulala kwa shangazi yake Loisi, huko Nzuguni. Loisi kasema atarudi, hakusema lini. Hakugeuka nyuma.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimekaa nikawaza, na sasa nimeng'amua! Kilichoharibu ni masizi, na masizi huoshwa. Maji yamechemka, sabuni ninayo. Naanza na ya Yotham, niisugue vizuri mpaka uso urudi, kisha barua zote. Loisi wangu atafurahi!