Kitabu Nilichokianika na Mahindi

Leo nimeumbuka. Tena nimeumbuka na mama yangu mzazi!

Mnakumbuka lile tangazo la kifaa cha kusomea vitabu? Dada yuko ufukweni, jua kali juu yake, kifaa mkononi, anatabasamu. Chini wameandika: "Soma juani bila shida." Nikamfafanulia mama kama padri anayefafanua Injili. "Unaona waya hapo? Hakuna. Unaona jua? Basi hii ni sola!" (Huku kwetu Songea, jua kwenye tangazo ni sola. Taa sola, redio sola. Ningejuaje?)

Nilimnunulia kwa sababu macho yake yamechoka, na humo maandishi unayakuza unavyotaka. Zamani mama ndiye alikuwa msomaji wa Biblia kwenye jumuiya yetu ya sala hapa Mshangano. Aliacha kimyakimya alipoanza kuruka mistari. Leo ndiyo alikuwa anarudi. Kajifunga kitenge kipya tangu asubuhi!

Jana usiku kikaonyesha betri imekwisha.

"Tukichomeke?" mama akauliza.

"Cha nini, mama? Kesho nakianika."

Asubuhi nikakilaza kwenye mkeka, katikati ya mahindi. Jirani yetu Mama Sixta akachungulia. "Na hicho nacho kinaenda mashine kusagwa?" Nikamwonea huruma kwa ushamba wake. (Mimi! Nikamwonea yeye!)

Jioni jumuiya ikakusanyika. Mama akasimama, akakohoa kidogo. "Somo katika..." Akakigeuza. Akakisogeza machoni. Mwishowe akaniita mbele za watu:

"Mwanangu, mbona hapa kuna picha ya betri tu?"

"Labda hakijakauka vizuri!" Mama Sixta akadakia.

Jumuiya nzima ikaangua kicheko, mpaka mwenyekiti. Mama naye alijaribu kucheka, akashindwa. Akaketi, na Mama Sixta akasoma somo kwenye Biblia yake. Jamani, iliniuma. Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alitembea mbele yangu, kifaa kakikumbatia. Bora angenisema.

Nyumbani nikalichukua tena lile tangazo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: waya wa kuchajia umo kwenye boksi. Na lile jua? Walitaka tu kuonyesha kwamba maandishi yanaonekana hata juani. Tangazo la wasomaji, mimi nikaangalia picha!

Sasa nimekichomeka. Mama amevuta kigoda pembeni, miwani machoni, kitenge chake kipya bado hajakivua, anakisubiri. Nawaomba, asicheke mtu. Angalau mpaka betri ijae.