Nyota Iliyoomboleza Sigalame

Alhamisi, 8 Agosti

Nimefika nyumbani Sigalame na antena yangu. Nimeitengeneza mwenyewe kwa mabomba ya alumini na waya wa kuku. Dada yangu Emmaculate ameizunguka akauliza kuku wataingilia wapi.

Hali yangu ni hii. Profesa Amuge, niliyemfundisha fizikia akiwa bado anapoteza desimali, ndiye sasa anachagua watu wa kikosi cha darubini kubwa ya redio. Nafasi imebaki moja. Chuo kimesema nikiikosa, niache utafiti, nifundishe mwaka wa kwanza hadi nistaafu. Mwaka wa kwanza! Nao wameshaomba mwalimu mwingine.

Kwa hiyo nahitaji pulsa. Hiyo ni nyota iliyokufa ikabaki inazunguka, inarusha mawimbi ya redio kama mlinzi anayezungusha tochi. Ikikuelekea, tap! Ikipita, kimya. Halafu tap tena. Hata mchana husikika. Nilijaribu Busia mjini, nikanasa madereva wa malori wakitukanana. Huku kumetulia.

Ijumaa, 9 Agosti

Tap! Tap! Tap! Kabla hata sijamaliza chai! Nimegeuza antena kaskazini: ipo. Nimeigeuza kusini: ipo. Nyota ya nguvu ajabu! Nimemwandikia Amuge papo hapo.

Jirani yetu Bwire akaja wakati huohuo. Anataka nione fensi yake mpya ya stima, ya kuzuia nguruwe wasiingie kwenye mihogo. Anaisifu kama mtoto aliyefaulu mtihani. Nikamwambia siku hizi nashughulika na mambo ya juu mbinguni. Akasema Bwana asifiwe, hakuwa amesikia kwamba nimeokoka.

Jumamosi, 10 Agosti

Nyota imenyamaza. Nimekaza skrubu zote, nikazilegeza, nikazikaza tena. Kimya.

Emmaculate alitaka twende mazishi ya Mama Perez. Nikakataa. Mtu haachi nyota katika hali hiyo. Akaenda peke yake, kuni kichwani. Amerudi jioni na lawama: kila mtu ameuliza daktari, yaani mimi, yuko wapi. Akamsifu Bwire. Eti ni muungwana, amezima fensi mchana kutwa ili waombolezaji wapite njia ya mkato shambani kwake. Nikamwomba aniache na habari za fensi, nina matatizo yangu.

Alipokuwa anamenya viazi, nyota ikarudi. Sielewi kitu.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeelewa! Kuna pulsa zinazonyamaza kwa muda, kisha zikaendelea kama hakuna kilichotokea. Wataalamu wote wanajua. Yangu ni ya ukoo huo.

Amuge amejibu. Anauliza kama inachomoza mapema kidogo kila siku, kama nyota zote. Nimechunguza. Haichomozi. Haizami. Ipo tu. Nimemwambia huo ndio uzuri wake.

Anasema Jumamosi anatoka Kampala, akivuka mpaka atapitia kwetu aone. Nimenunua soda.

Jumamosi, 17 Agosti

Profesa amefika. Nyota kimya! Nikamweleza nadharia yangu mpaka soda ikapata joto: inapiga wiki nzima, Jumamosi inakaa kama imefiwa. Hakucheka. Akauliza mbona maboma yote hayana watu. Nikasema wako mazishi, mzee wa boma la pili.

"Jirani amefariki, Mwalimu, na wewe umekaa hapa na waya wa kuku?"

Tukaenda. Tulipita kwa Bwire, tukaruka nyaya zake. Tulitoa pole, tukala. Mama mmoja akanionyesha goti lake, maana daktari ni daktari. Wakati wa kurudi, watu wamepungua, nikaukandamiza waya kwa mkono ili Profesa avuke na gauni lake.

Tap! Mpaka begani. Nikaomba msamaha, sijui kwa nani.

Tap! Mpigo huo ningeutambua popote. Nikaendelea kushika. Nilitaka hakika.

Tap!

Bwire akaja mbio. "Pole daktari! Nimeiwasha sasa hivi tu, nilidhani watu wameisha."

Amuge alikuwa amekaa kwenye nyasi, anafuta machozi. Naamini ni ya msiba.

Jumapili, 18 Agosti

Sikutoka chumbani. Amuge alilala kwetu, na kabla ya kuondoka akagonga mlango. Nikajiandaa kusikia habari za mwaka wa kwanza.

"Mwalimu, wa kutafuta nyota ninao tele," akasema. "Sina wa kukamata kinachojifanya nyota. Wewe umekikamata kwa mkono."

Nafasi ni yangu! Sharti moja: kabla ya kutamka neno pulsa, niwatembelee majirani, nione wana nini. Nikakubali kabla hajamaliza. Emmaculate akaniambia niyarudie maneno ya sharti kwa sauti. Nikayarudia.

Jumamosi, 31 Agosti

Amukura. Nimehamishia antena huku, mbali na Bwire na nguruwe wake. Tangu jana: tap-tap-tap! Ya kasi, safi, hailingani kabisa na ile ya Sigalame. Hii ni yenyewe. Nimeshamwandikia Amuge.

Sharti nalikumbuka vizuri. Majirani nitawatembelea, lakini leo hawapo. Wamekwenda mazishi. Walinipitia asubuhi, nikawaambia mtu haachi nyota.

Jambo moja tu linanisumbua. Tangu waondoke, imenyamaza.