Ombi la Kurudishiwa Mke kwa Sababu za Kodi

Norbert Klapperich,
Idara ya Barabara za Kaunti,
Wisconsin ya Kaskazini.

Kwa Mkuu wa Nafuu za Masomo,
Ofisi ya Kodi.

Ndugu Mkuu,

Salamu kwako na kwa wote mlio hapo ofisini katika msimu huu ambao najua hamlali vizuri. Mimi huendesha gari la kuondoa theluji barabarani, kwa hiyo naelewa kazi inayomwagika yote kwa wakati mmoja. Sikuandikii kwa hasira. Nakuandikia kwa sababu binti yangu Brenna amebakiza mwaka mmoja chuoni, ule wa tano, na ile nafuu mnayotukatia kwenye kodi sisi wazazi tunaolipa karo haijapata kufanana miaka miwili mfululizo. Mwaka mmoja inakuja imenona, mwaka unaofuata unaweza kuihesabu mbavu. Nimechunguza kwa utulivu na nadhani nimeona kasoro iko wapi. Naomba univumilie nieleze kwa mpangilio.

1. Theluji. Brenna alipokuwa mwaka wa pili, theluji ya huku kwetu ilikataa kuondoka mpaka mwezi wa nne, kisha ikarudi mapema watu wakiwa bado wanawinda kulungu. Nilifanya kazi saa za ziada mpaka mbwa wangu akaanza kunibwekea nikiingia nyumbani. Msimu wa kodi ulipofika nilikwenda kwa Bi. Verna Stanke, anayetujazia fomu zetu mji mzima katika chumba cha nyuma cha duka la maua la dada yake. Alitazama mapato yangu, akavua miwani. "Norbert, umefanya kazi mno. Umevuka mstari," akasema. Nilimwambia mistari yote ya barabara za kaunti hii naijua na sijavuka hata mmoja. Akanieleza kwamba upo mstari wa kipato, na mtu akiuvuka nafuu inaanza kunyauka, akizidi kwenda mbele inapotea kabisa.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, nilisafisha njia ili mabasi ya shule yapite, na kwa kazi hiyo hiyo nikampunguzia mwanangu nafuu ya shule. Napendekeza pesa inayotokana na theluji ihesabiwe kuwa theluji, maana haikai.

2. Akili za Brenna. Mwaka jana sikuvuka mstari wowote, ilinyesha mvua tu. Nikajua sasa nafuu inakuja nzima. Ndipo Brenna akapata ufadhili wa ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ukalipa karo karibu yote. Niliwanunulia donati wenzangu wote kazini. Bi. Verna naye alinipongeza, kisha akasema, "Sasa nafuu imebaki vijisenti. Karo hukulipa wewe, ukatiwe nini?" Nikamkumbusha chumba, chakula, na kochi nililolipandisha kwa mgongo wangu mpaka ghorofa ya tatu. "Kochi si masomo, Norbert," akasema. Kwa heshima zote, mtoto anasomea juu ya kochi hilo.

Nadhani mimi ndiye baba pekee wa kaunti hii aliyempongeza mwanawe kwa uso wa msibani. Brenna aliona. "Baba, kwani unataka nifeli?" akaniuliza. Nilisema hapana, lakini nilichelewa kidogo kulisema, na jambo hilo bado linaniuma.

3. Hakimu. Mimi na mama yake Brenna, Rosalie, tuliachana miaka sita iliyopita. Hakimu alikuwa mtu wa haki, akaamuru Brenna aandikwe kwenye fomu za kodi kwa zamu: miaka ya witiri kwa mama yake, miaka ya shufwa kwangu. Anayemwandika Brenna ndiye anayechukua nafuu. Sasa tazama mwenyewe. Theluji iliangukia shufwa. Ufadhili umeangukia shufwa. Rosalie anafanya kazi kiwanda cha jibini, na jibini halina majira, kwa hiyo miaka yake yote inanona.

Laiti angejisifu ningeweza kumkasirikia. Pesa yote huiweka kwenye karo ya Brenna. Na kila Ijumaa, tunapokwenda ukumbini kula samaki wa kukaanga, yeye hukaa na dada zake nami hukaa na madereva wenzangu, lakini chapati yake ya viazi huniletea, kwa sababu anajua moja hainitoshi. Mwaka ule wa theluji aliniletea na ya dada yake. Nilikula bila furaha yoyote.

4. Ndoa. Hapa ndipo penye kasoro yenyewe. Bi. Verna anasema kwa mume na mke wanaojaza fomu moja, mstari wa kipato uko mbali mara mbili. Theluji yote ya Wisconsin haiwezi kunifikisha huko. Zamu nazo zingekwisha, kwa kuwa shufwa na witiri wangelala nyumba moja. Kwa hiyo tatizo si karo, si kipato, wala si hakimu. Tatizo ni kwamba Rosalie si mke wangu.

Naomba basi ofisi yako imwandikie barua rasmi ya kumtaka anirudie kabla mwaka haujaisha. Barua rasmi hajawahi kuikaidi. Faini ya kuegesha gari huilipa siku hiyo hiyo, na maktaba ikimkumbusha kitabu hukirudisha akiwa hajakimaliza. Mimi nimejaribu kwa mdomo nikashindwa. Nilimfuata mezani kwake Ijumaa moja nikamweleza, akacheka mpaka dada zake wakaweka uma chini. "Norbert, watu hurudiana kwa ajili ya bima ya afya. Nani amerudiana kwa ajili ya karo?" Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama sina sababu nyingine. Nikamfafanulia mstari wa kipato. Akaniambia nirudi mezani kwangu.

Alipoondoka miaka ile sita iliyopita alisema amechoka kuolewa na mtu wa Aprili mpaka Oktoba, miezi isiyo na theluji, na alikuwa na haki. Unaweza kuandika kwenye barua hiyo kwamba nimeshamwomba bosi zamu zangu za usiku wapewe vijana. Kipato kitashuka, jambo ambalo najua ofisi yako italipokea vizuri.

Kuhusu tarehe, Bi. Verna ananiambia hamuulizi watu wameoana lini, mnatazama siku ya mwisho ya mwaka tu. Mtu akioa tarehe thelathini na moja Desemba, kwenu anahesabiwa kuwa alikuwa na mke mwaka mzima. Nimekaa bila Rosalie miaka sita, Ndugu Mkuu. Nyumba ni kimya na ninamkosa sana. Sijasikia sheria yenye huruma kama hiyo yenu.

Nisalimie wote hapo ofisini, wanaopokea simu na wanaotuweka tukisikiliza muziki. Brenna anawasalimu pia, ingawa hajui kwamba nawaandikia.

Wako mtiifu kwenye kila mstari,
Norbert Klapperich

Nyongeza: Bi. Verna ameisoma barua hii kabla sijaibandika stempu. Anasema nafuu hiyo hutolewa miaka minne tu kwa kila mwanafunzi, na ya Brenna imekwisha, maana hata ule mwaka wa vijisenti umehesabiwa. Ipo nyingine ndogo, lakini ushirika wa wafugaji umekubali kulipa karo yote ya mwaka wa mwisho, kwa hiyo hata hiyo hatuna pa kuishikia. Nioe nisioe, hakuna cha kukatiwa. Bi. Verna, ambaye hutunza siri za kodi tu, alimsomea Rosalie barua nzima kwa simu. Rosalie akanipigia. "Kwa hiyo sasa tukirudiana hatupati kitu?" Nikamwambia hata senti moja. Akasema, "Basi njoo uniulize tena."

Tafadhali msimwandikie. Nimeshavaa viatu, nakwenda mwenyewe.