Kadi Nyekundu ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Chama cha waamuzi wa mtaa kimetoa tangazo. Fainali ya kombe itachezeshwa na mmoja kati ya wawili: mimi, muuza misumari na rangi, au Mfamasia. Mfamasia! Anapuliza filimbi kana kwamba anapoza chai. Mkaguzi wa chama atanitazama Jumamosi kwenye nusu fainali. Mfamasia alishatazamwa wiki iliyopita, akasifiwa utulivu. Hata kabati lina utulivu.

Jumanne, 5 Machi
Nimesoma kitabu cha sheria kwenye kaunta ya duka. Mteja alitaka bawaba, nikampa komeo. Lakini dawa nimeipata: faulo ya kumnyima mtu nafasi ya wazi ya kufunga. Refa apime mambo manne. Umbali hadi golini. Mchezo unaelekea wapi. Kama mshambuliaji ataumudu mpira. Mabeki wamebaki wangapi, na wapi. Yote yakitimia, nyekundu. Ikiwa ni ndani ya eneo la penalti na beki aligombea mpira kweli, penalti na njano tu. Hapo ndipo marefa wengi hutetemeka. Mimi sitatetemeka. Kinachokosekana ni faulo yenyewe.

Jumatano, 6 Machi
Faulo ninayo nyumbani, imelala kwenye kochi langu tangu Desemba. Shemeji, kaka wa mke wangu, ni beki wa kati wa timu mojawapo ya Jumamosi. Chama hakijui kwamba ni shemeji yangu. Hakijauliza.
Nikamweleza. Kumbe naye ana shida yake: Jumamosi ya fainali anatakiwa akajitambulishe kwa wazazi wa mchumba, na kocha amesema timu ikifika fainali hakuna ruhusa. Akifungiwa mechi, ruhusa hiyo hapo. Tukapeana mikono. Awe beki wa mwisho, awe nje ya eneo, avute jezi tu, asimwumize mtu.
Mke wangu akauliza tunanong'ona nini. Nikasema sheria. Sikudanganya.

Alhamisi, 7 Machi
Mazoezi uani. Mimi mshambuliaji, ndoo mbili goli. Shemeji akanivuta, jezi yangu ya urefa ikachanika hadi kwapani. Mke wangu kaishona kwa uzi wa kijani, mweusi umekwisha. Akasema watu wazima wawili wakicheza na ndoo, kuna jambo.

Jumamosi, 9 Machi
Nusu fainali.
Dakika ya sabini, bila kwa bila. Mshambuliaji wa wapinzani akachomoka. Mbele yake kipa, kando yake shemeji peke yake. Hatua tano nje ya eneo. Umbali, sawa. Mwelekeo, golini moja kwa moja. Mpira, miguuni. Mabeki wengine, huko nyuma wanahema. Shemeji akanitupia jicho, akamvuta jezi kwa adabu kabisa, kama mtu anayemwita mhudumu. Nikapuliza kwa mapafu yote. Kadi ilikuwa juu kabla mtu hajafika chini.
Uwanja mzima ukageukia goli. Kisha ukanguruma.
Mpira ulikuwa umebingirika hadi kwa winga wa wapinzani, naye kautia wavuni, kipa kalala upande mwingine. Ningevuta pumzi mbili tu, nikaacha mchezo uendelee, lingekuwa bao halali, na njano ingemtosha shemeji. Lakini filimbi imeshalia. Hakuna bao. Mpira wa adhabu ukagonga ukuta. Dakika ya mwisho timu ya shemeji ikafunga kwa kona.
Nilitoka katikati ya wanakamati wanne, kila mmoja akinishauri nitembee upesi.
Mkaguzi alinisubiri ndani ya chumba cha waamuzi. Hakupaza sauti. Aliuliza kama nilipima mambo manne. Nikayataja bila kukosea.
"Vizuri," akasema. "Sasa yapime tena, ila beki uwe wewe. Leo aliyewanyima bao la wazi ni refa."

Jumapili, 10 Machi
Shemeji, kwa furaha yake, kamwambia dada yake yote wakati wa chai. Nilingoja matusi. Hayakuja.
"Jana uwanjani mama wa yule winga alikaa kando yangu," mke wangu akasema. "Alishasimama kushangilia."
Niliona haya hadi saa sita mchana.

Jumanne, 12 Machi
Fainali kapewa Mfamasia. Mimi ni refa wa akiba, kazi yangu kushika ubao wa namba. Wakwe wa shemeji wamesogeza ugeni hadi mwezi ujao, na yeye kafungiwa mechi tatu, fainali ikiwemo. Yuko kwenye kochi, kanipa mgongo.
Nimemwapia mke wangu kwamba ujanja basi.
Jioni nikaenda kununua dawa ya kichwa. Mfamasia akanionyesha viatu vyake vipya vya fainali, vigumu kama mbao. Aliuliza kama avilainishe kwanza kwa kutembea navyo nyumbani. Nikakumbuka kwamba refa akishindwa kuendelea, wa akiba huingia. Nikamwambia asithubutu: kiatu kizuri hutoka kwenye boksi kikaingia uwanjani. Akanishukuru, akasema watu wananisema vibaya bure.
Malengelenge mawili tu, Mungu akipenda, kufikia dakika ya ishirini.