Patisheni ya Kanisa

Kompyuta ya kwaya ilipowekwa juu ya meza yake pale Matiliku, fundi Kimeu alisikia harufu ya mbuzi. Mbuzi hakuwepo, lakini mtu anayetafuta mke hunusa mbali. Jumamosi alitakiwa Nuu, nyumbani kwa kina mchumba wake Muthoki, apeleke mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao wasipofika msichana hahesabiwi kuwa mke wa mtu. Alikuwa na wawili.

"Haiingizi chaji," alisema Wayua, mwalimu wa kwaya. "Na nyimbo zetu zote ziko kwa D. Jumapili tunazindua albamu."

"Usijali, mwaitu," Kimeu alimwambia kwa heshima ya mama. "Kunywa soda hapo nje."

Wayua alipotoka, Kimeu alipangusa tundu la chaji, likapona. Kisha, kwa utulivu wa daktari aliyesomea ng'ambo, akabofya hapa na pale na kuiondoa ile herufi D ya patisheni, sehemu ya diski iliyohifadhi nyimbo. Nyimbo hazikufutika, zilikosa tu jina la kuitiwa. Akaita kwa sauti ya matanga.

"Mwaitu, pole. Patisheni imepotea."

"Asi! Imepotea aje?"

"Diski imeharibika ndani kwa ndani. Lakini kuna mtaalamu wangu Nairobi, huyo ndiye namtumia kompyuta zote zimeshindikana. Huwa ni wiki mbili. Sasa juu ni kazi ya Mungu, nitamwambia akeshe. Ijumaa mtapata. Pesa sitaki. Nileteeni tu mbuzi moja mzuri."

Wayua akampigia simu Mzee Nzomo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Mtandao ulikuwa unakatika-katika, na mzee akaambulia maneno machache: patisheni, imepotea, Kimeu anataka mbuzi ndipo airudishe. Sasa, patisheni aliyoijua Mzee Nzomo maishani mwake ilikuwa moja tu, ile ya plaiwudi iliyotenga darasa la watoto wa Jumapili. Iliibwa mapema mwaka huo, na mwizi hakuwahi kujulikana. Mzee akashukuru Mungu kwa sauti.

Ijumaa wazee walifika na Wayua, mbuzi, nyundo na mkokoteni. Kimeu, maskini, aliona mbuzi peke yake.

"Ni wewe uko na patisheni yetu?" Mzee Nzomo aliuliza.

"Ni mimi, mzee. Iko hapa kwangu, salama kabisa."

"Na tukikupatia mbuzi utarudisha?"

"Saa hiyo hiyo."

Wazee wakatazamana. Ujasiri wa aina hiyo hawakuwa wameuona. Mzee Nzomo akaugeukia ukuta wa plaiwudi uliokigawa kibanda cha Kimeu mara mbili.

"Hata rangi hajabadilisha," alisema kwa uchungu. "Ng'oeni."

Misumari ikaanza kulia. Kimeu aliruka kama aliyekalia siafu, kwa maana nyuma ya ukuta ule ndiko ilikokuwa Nairobi yake yote.

"Ngojeni! Si hiyo! Patisheni ni kitu ya ndani ya kompyuta!"

"Mwizi akishikwa huwa na maneno," Mzee Nzomo alisema, na nyundo ikaendelea.

Watu walishaanza kujaa mlangoni. Kimeu akaiwasha kompyuta ya kwaya, akairudishia ile herufi mbele ya macho yao. Kibanda kizima kikajaa sauti za soprano.

"Mmeona? Hiyo ndiyo patisheni! Mimi si mwizi!"

Mzee Nzomo akashusha nyundo; kumbe plaiwudi zote hufanana rangi. Wayua akasogea.

"Kimeu, hii ndiyo kazi mtu wa Nairobi alikuwa anakesha? Hata sijamaliza kupiga chafya!"

Kabla hajapata jibu, plaiwudi iliyokwisha kulegezwa ikaanguka yenyewe. Kompyuta za watu zilikuwa zimepangwa pale sakafuni, kila moja na jina la mwenyewe.

"Hiyo si yangu?" mtu aliuliza mlangoni. "Si uliniambia iko Nairobi?"

Polisi hawakuitwa. Wazee walikaa palepale wakakata shauri: kila mtu achukue kompyuta yake bure, na Kimeu atoe mbuzi mmoja kwa kuichezea kwaya shere. Mbuzi wa kanisa alirudi nyumbani akiwa na mwenzake, na Kimeu aliwasindikiza kwa macho, roho ikimuuma kweli.

Jioni Muthoki alipiga simu.

"Mbuzi ziko tayari? Baba ameshaita wazee wa kesho."

"Ziko zote, mpenzi," Kimeu akasema, ulimi ukiteleza kwa mazoea. "Ni vile tu mbili hazionekani."



"Sawa. Kuja na hiyo inaonekana," Muthoki alisema. "Na mimi nitakuwa nyumbani. Ni vile tu hutaniona."