Ndovu Wanne wa Baba

Jumatano, 3 Julai 1996

Jibu limekuja! Bi Loise, mtaalamu wa Nairobi anayekadiria ukubwa wa wanyama wa kale, yuwaja Ijumaa. Aliyemwandikia barua ni mimi, Khubaib, fundi lipu wa Mji wa Kale, na hati yangu mbaya hivi hivi.

Baba alipoambiwa, akainuka akakaa kitandani peke yake. Ana wiki tatu hajakaa. Hospitali walitwambia tumrudishe nyumbani, tumpe anachokitaka. Anachokitaka ni kimoja. Ujanani alichimba kisima huko bara, akakuta mifupa mizito kama mawe. Anasema walikuwa ndovu wanne, wakubwa kuliko hawa wa sasa. Watu wanamcheka. Mtaani wanamwita Mzee Wanne. Anataka mtu aliyesoma aseme wanne, amsikie kwa masikio yake kabla hajafa.

Atamsikia. Niachieni mimi.

Alhamisi, 4 Julai

Nimekitoa kikapu cha mifupa uvunguni. Balaa! Mfupa wa paja mmoja, sawa. Lakini mifupa ya kifundo cha mguu: ya kushoto mitatu, wa kulia mmoja. Nani ataamini? Muuza viatu akikuletea vya kushoto vitatu na cha kulia kimoja, utamwita mwizi. Nimebakisha jozi moja safi. Miwili iliyozidi nimeipeleka Mbaraki, nikaitupa majini. Imezama vizuri.

Kisha paja. Bi Loise aliandika kwamba uzito wa mnyama hukadiriwa kwa unene wa mfupa wa paja. Unene! Si ndiyo kazi yangu? Nimeupiga chokaa, tabaka mbili, nikaupaka maji ya chai upate rangi. Wallahi lipu kama hiyo sijampigia mteja yeyote.

Binamu yangu Gharib, anayepima samaki Liwatoni, akapita akachungulia. Akasema hilo ni paja la ng'ombe aliyechinjwa kwenye harusi ya babu. Amemcheka Baba tangu tuko watoto. Kesho atafunga mdomo.

Ijumaa, 5 Julai

Siku gani hii!

Bi Loise alikuja baada ya sala. Mwanamke mpole. Alimwamkia Baba, akaketi karibu naye. Baba kavaa kanzu ya Idi. Bi Loise akauzungushia mfupa utepe wa kupimia, akapiga hesabu. Akapiga tena. Akasema mnyama huyu ana tani ishirini na tatu, na akisimama tu miguu itavunjika. Nikasema mashaallah. Akautazama utepe. Mweupe! Baridi hii ya Julai, chokaa haikauki. Akaparura kwa ukucha, lipu yote chini. Mimi nikatazama dari. Dada yangu Ummukulthum akanitazama mimi.

Hakugomba. Aliuosha mfupa, akapima upya. Tani tisa! Akasema ndovu dume mkubwa wa leo ni kama tani sita. Na bila chokaa! Baba alicheka hata akakohoa.

Ikaja idadi. Akaeleza polepole: kila mnyama ana mfupa mmoja tu kama huu wa kushoto, kwa hivyo huhesabiwa ya upande mmoja. Ya kushoto miwili, wanyama wawili. Mitatu, watatu. Hapa upo mmoja, na wa kulia waweza kuwa mwenziwe. Basi ni mmoja.



Baba akasema wanne. Bi Loise akamjibu kwa adabu kwamba mifupa iliyopo inathibitisha mmoja, hawezi kuandika zaidi. Mimi nimeshika birika la chai. Ningeweza kusema. Lakini baada ya ile chokaa, ningeanzia wapi?

Jumamosi, 6 Julai

Mbaraki tangu alfajiri, maji yamekupwa. Nimezamia mpaka masikio yanauma. Nimepata sufuria iliyotoboka.

Jioni Baba akaniita. Akanieleza jambo ambalo hajapata kunieleza: kule shimoni kila ndovu alikuwa amelala mahali pake, na yeye kwa makusudi akachukua mfupa uleule wa kushoto kwa kila mmoja, asije akabishiwa. Wa kulia aliuchukua kwa kuupenda tu. Wa kushoto wa nne ulipotea nyumbani zamani, na hapo ndipo kicheko kilipoanza. Hakukaa darasani hata siku moja, na alijua! Akaniuliza, je, ile mitatu mgeni aliiona?

Nikasema aliiona.

Akasema basi huenda alichanganya mifupa akahesabu vibaya, alikuwa kijana, na shimoni mlikuwa na giza. Akanishukuru kwa kumleta mgeni. Akanishukuru, mimi!

Jumapili, 7 Julai

Inna lillahi. Baba ametutoka kabla ya adhuhuri. Tumemzika alasiri. Siwezi kuandika.

Jumatano, 10 Julai

Khitma leo. Gharib alilia kuliko mimi. Watu walipotawanyika akanivuta ukumbini, akafungua mfuko. Mfupa wa kifundo. Wa kushoto! Aliuiba akiwa na miaka tisa, kwa utundu, kisha akaogopa kuurudisha. Na kila alivyoogopa ndivyo alivyozidi kumcheka Baba. Miaka yote hii unazuia mlango wake usipigwe na upepo. Akaniomba nimsamehe kwa niaba ya marehemu. Nikamsamehe upesi upesi, aondoke. Yangu sikumwambia.

Nimemwambia Ummukulthum. Alikaa chini palepale sakafuni.

Alhamisi, 11 Julai

Bi Loise anarudi Nairobi kesho. Nikimpelekea mfupa huu pamoja na ule aliouona, ataandika wawili. Wawili! Baba kasema wanne. Ummukulthum ananisihi niende nikaseme kweli yote: nilichotupa, nilipokitupa, na Baba aliokotaje mifupa yake. Anasema yule bibi ni muungwana, atasikiliza. Ah, wanawake! Hajui wasomi hawataki maneno, wanataka mifupa mkononi?

Nimeazima msumeno wa chuma. Nimeukata mfupa wa Gharib vipande vitatu. Kazi ya tangu asubuhi, mikono imechubuka, na machozi yananitoka tu. Kipande kimoja kimepasuka kidogo, si sana. Vitatu hivi na ule mmoja, vinne. Kesho asubuhi nampelekea, Baba.