Ukombozi wa Birika la Mama Chai

Sogeeni, enyi mlioketi na enyi mliosimama, nanyi mlioegemea ukuta kwa kuwa viti vyote vimekaliwa na wenye vyeo. Sogeeni mtege masikio, maana leo hayasimuliwi ya majeshi yaliyovuka milima kwa ngoma na bendera. Leo yasimuliwa ya Mzee Funguo, mbeba trei, mfungua madirisha, bwana wa funguo thelathini na moja ambazo ishirini na mbili kati yake hazikuwa tena na mlango duniani. Yasimuliwa jinsi alivyolikomboa birika la lita kumi kutoka katika ngome ya wasomi, mchana kweupe, mbele ya maprofesa kumi na wanne na mabalozi watatu, pasipo kumwaga damu, ila chai kidogo tu, nayo ilimwagikia kiatu cha aliyestahili.

Palikuwa na Kituo. Wenyewe walikiita Kituo cha Sera za Usalama wa Kimataifa, nacho kilikalia ghorofa ya tatu ya jengo la chuo kikuu, na humo waliketi mabingwa wa vita ambao hawajapata kugombana na mtu ila kwa nafasi ya kuegesha gari. Walijua idadi ya vifaru vya nchi wasizofika. Lakini bomba la choo cha ghorofa yao lilivuja miezi saba, na hapakuwa na mmoja aliyejua fundi hupatikana wapi. Juu yao alitawala Mkurugenzi, Simba wa Makongamano, Mshika Kipaza Sauti, aliyepandishwa cheo kwa kuandika kitabu kinene juu ya uongozi, na tangu siku hiyo hakumwongoza mtu hata kwenda kula mchana.

Na katika Kituo hicho, miaka kumi na tisa, alifanya kazi mke wa Mzee Funguo, ambaye wote walimwita Mama Chai. Milki yake ilikuwa chumba kidogo kilichopakana na ukumbi wa mikutano, na kati ya chumba na ukumbi palitobolewa dirisha dogo la kupitishia chai. Fundi aliyelitoboa alikosea kipimo kwa vidole viwili. Siku ya kwanza Mama Chai alilisukuma birika lake jipya pale dirishani, likakwama, akalisukuma kama mtu anayemtoa mbuzi zizini, likapita na kubonyea ubavuni. Tangu hapo lilipita kwa namna moja tu: kibonyeo juu, mdomo mbele, mkono umelazwa. Siri hiyo aliijua yeye na mumewe. Watafiti hawakuwahi kuitafiti.

Mwaka jana kifua kilimshinda Mama Chai. Kituo kilituma barua ya rambirambi yenye aya mbili: ya kwanza ilisikitika, ya pili iliomba kitambulisho chake kirudishwe.

Kisha sukari ikapungua. Msidhani, wenzangu, kwamba mtu aliulizwa. La hasha. Mkurugenzi aliunda kikosi kazi, kikosi kazi kikakaa hotelini siku tatu, kikarudi na ripoti ya kurasa arobaini iitwayo tathmini ya tishio, na ripoti ikaamuru mambo mawili. La kwanza, mlango wa chumba cha chai utiwe kitasa cha namba sita, namba zibadilishwe kila Jumatatu na Mkurugenzi kwa mkono wake. La pili, iletwe mashine ya kahawa, na vyombo vyote vya zamani vichukuliwe na lori la vyuma chakavu, Ijumaa, saa nane mchana.

Hapo ndipo Mzee Funguo alipoinuka kutoka kwenye benchi lake la ukumbini. Aliomba birika. Alipewa fomu. Aliijaza nakala tatu kwa herufi kubwa, ulimi umetoka nje kidogo, akaipeleka, ikakaa wiki tano.

"Baba, iko mezani kwake," alimwambia Katibu, binti mwenye vidole vyepesi aliyechapa hotuba zote za Kituo na kuzisahau zote. "Iko chini ya kitabu."

"Kitabu kipi?"

"Kile chake cha uongozi."

"Basi imekwisha hiyo, mwanangu. Kile hakuna anayekiinua."

Katibu akapunguza sauti. "Si ulichukue tu, baba? Nani atajua? Dirisha lile hata mimi najua lina msumari tu."

Mzee Funguo akalishika shada la funguo kiunoni kama shujaa ashikaye kitara, akanena: "Sikiliza, binti yangu. Mke wangu alikaa na sukari ya watu miaka kumi na tisa, hakutoka getini na kijiko kimoja. Leo mimi nilitoe birika lake kwa mgongo wa nyumba, kama mwizi wa kuku? Siku nikikutana naye nitamwambia nini? Litatoka na karatasi yenye sahihi, au litakwenda na lori, nami nitasimama barabarani niliage."

Katibu alimpa biskuti.

Ikawadia Ijumaa, siku ya lori, nayo, kama hatima ipendavyo kuchezea watu, ilikuwa pia siku ya kongamano kuu. Bango lilining'inia ukumbini, refu kama sanda ya jitu: MIPAKA ISIYOPENYEKA. Vikombe arobaini vilipangwa juu ya meza ya nyuma tangu asubuhi. Mgeni rasmi alikuwa Mama Balozi, mstaafu, mwenye fimbo na macho yasiyostaafu, aliyewahi kupatanisha mataifa mawili na, lililo gumu zaidi, wakwe zake. Mkurugenzi alihutubia saa moja na nusu. Alisema mlinzi hodari hufikiria kila mwanya. Mzee Funguo, akiwa mlangoni na trei tupu, alitazama saa, kisha akatazama lile dirisha dogo.

Saa nne na nusu kiu ikauvamia ukumbi. Mabalozi walilamba midomo. Profesa mmoja akakitikisa kikombe chake kitupu kana kwamba ni kengele. Mkurugenzi akajitokeza kwa mwendo wa ushindi kwenda kufungua chumba cha chai, ili wageni waione mashine. Akabofya namba. Kitasa kikalia na kuwasha taa nyekundu. Akabofya tena, akifunika kwa kiganja ili mtu asione. Nyekundu. Mara ya tatu kitasa kikakata sauti kabisa, kama mke aliyechoka kujibizana.

"Si uliziandika?" Katibu akamnong'oneza.

"Niliziandika. Nilizitia ndani ya bahasha, nikaifunga kwa gundi na muhuri."

"Bahasha iko wapi?"

"Mahali salama."

"Wapi, mheshimiwa?"

Mkurugenzi akakohoa. Akautazama mlango kama mtu anayetazama gari likiondoka na mizigo yake. "Chumba chenye kitasa cha namba ni kimoja tu jengo zima," alisema taratibu. "Nilifikiri hakuna mahali salama zaidi."

Katibu hakucheka. Alikwenda chooni, akachekea huko, akarudi.

Habari ikaenea viti kwa viti. Mama Balozi akagonga fimbo mara moja sakafuni. "Mkurugenzi, mwanangu," alisema, "tangu asubuhi unatueleza mipaka isiyopenyeka. Nakiri umetuonyesha mmoja. Sasa chai inatoka wapi?"

Kikosi kazi kikakusanyika kwenye kona. Mmoja alipendekeza aitwe fundi. Hapakuwa na mwenye namba yake. Mwingine alipendekeza iandikwe barua kwa kampuni ya kitasa. Wa tatu, kijana mwenye shahada tatu, aliuvuta mlango uliokuwa wa kusukuma.

Ndipo Mzee Funguo alipoiweka trei chini, akapenya katikati ya suti zile kama jahazi katikati ya makapi, akasimama mbele ya Simba wa Makongamano.

"Mheshimiwa," alisema, "chai naweza kuitoa. Nipe nusu saa. Ila kuna fomu yangu mezani kwako."

"Mzee, hayo tutayazungumza Jumatatu."

"Jumatatu birika litakuwa limeshakuwa mlango wa gari. Lori linakuja saa nane."

"Unanitisha?"

"Sikutishi. Hii ni tathmini."

Wapo waliogeuka kutazama bango. Mkurugenzi akainama, akasema kwa kubana meno, "Mzee, hujui kwamba kile ni chombo cha Kituo? Kuna utaratibu. Mimi siwezi kuamua peke yangu."

Akajibu Mzee Funguo, na sauti yake, iliyozoea kusema karibu tu, ikafika mpaka viti vya mbele: "Utaratibu naujua, nimeuandika nakala tatu. Wiki tano nimekaa pale kwenye benchi nikikutazama unapita. Mlipolizika lile jina la mke wangu kwa aya mbili, sikusema. Mliponinyang'anya ufunguo namba saba, wa chumba chake cha chai, sikusema. Sikuombi mashine, sikuombi cheo. Naomba chombo mnachotaka kukitupa. Mkono wako hautavunjika kwa sahihi moja."

Mkurugenzi akapapasa mifuko ya koti lake, kama jemadari aliyeishiwa mishale.

"Mpe kalamu," akasema Mama Balozi, na kalamu ikatoka kwenye mkoba wake mwenyewe.

Katibu alikuwa ameshakwenda na kurudi, maana si vidole vyake tu vilivyokuwa vyepesi, hata miguu. Alileta fomu pamoja na kitabu kilichoilalia, na kwa kukosa meza, Mkurugenzi akaandika sahihi juu ya jalada la kitabu chake. Tangu kichapwe, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kitabu kile kumsaidia mfanyakazi.

Sasa yasikieni mazingiwa. Mzee Funguo alipiga magoti mbele ya dirisha dogo, magoti yakalia kama kuni kavu. Alizipitisha funguo zake moja moja: ya stoo iliyoungua, ya kabati lililoibwa, ya ofisi ya mkurugenzi wa zamani aliyeondoka na milango yote ikabaki wazi; hata akafika namba kumi na tisa, nyembamba kama ulimi wa fitina, ufunguo wa banda la baiskeli lililobomolewa. Akauchomeka katika ufa, akaupandisha polepole. Kwa ndani, msumari alioupinda mkewe kwa nyundo na maneno makali ukainuka, ukaachia. Dirisha likafunguka kwa sauti ndogo tu. Ngome ya namba sita ikaangushwa na ufunguo wa baiskeli.

Mkono wake ukaingia mpaka kwapani. Likaja kwanza jiko la umeme na waya wake. Likaja kopo la majani, ikaja sukari, ile ile iliyofanyiwa tathmini. Kisha vidole vyake vikagusa ubavu wa baridi.

"Halitapita," alisema kijana wa shahada tatu, akiwa amepima kwa jicho. "Kipenyo kinazidi."

"Kinazidi," Mzee Funguo akakubali. Akaligeuza kibonyeo juu. Akautanguliza mdomo. Akaulaza mkono. Birika likasita kwenye kizingiti, likakwaruza, na kwa muda wa pumzi moja yule mzee akafumba macho. Kisha likateleza likatua kifuani pake kama mtoto aliyeamshwa usingizini.

Maji yalichemshiwa pale pale nyuma ya ukumbi, huku msemaji wa pili akieleza mbinu za kuzuia upenyezaji na wasikilizaji wote wakiwa wamempa kisogo. Mvuke ulipopanda, Mkurugenzi akakumbuka kwamba kuna mpiga picha. Akanyakua birika ili ammiminie mgeni rasmi yeye mwenyewe. Hakujua kwamba mkono wa birika lile huunguza upande wa kulia, na kwamba Mama Chai alilishika kwa kitambaa miaka kumi na tisa. Kiatu chake cha kushoto kikapata kikombe cha kwanza.

Cha pili alikimimina Mzee Funguo. Mama Balozi akanywa, akakishusha kikombe, akalitazama birika, akanyoosha mkono akagusa kibonyeo.

"Hili nalijua," alisema. "Nimenywa kwalo nikija hapa kila mwaka. Mwenyewe yuko wapi?"

"Ametangulia, mama. Mwaka jana."

Mama Balozi akamgeukia Mkurugenzi, na viatu vyote viwili vya Mkurugenzi vikawa vizito. "Nawe hukuniambia," alisema. Kisha akaegemea fimbo, akasimama. Wengine, wasijue kwa nini, lakini wakiona mkubwa kasimama, wakasimama nao, vikombe mkononi, wote arobaini. Mzee Funguo alijifanya anafuta meza.

Saa nane kasoro dakika tano alifika getini, birika limesuguliwa, karatasi mkononi.

"Unatoa nini, mzee?" aliuliza mlinzi.

"Soma."

Mlinzi akasoma, akasoma tena, akaigusa kofia yake. Lori lilikuwa linaingia. Dereva akapunguza mwendo, akalinyooshea kidole lile birika, kana kwamba anauliza kama nalo ni la kupakiwa. Mzee Funguo akatikisa kichwa, akapita katikati ya lango.

Nyumbani, birika lilikuwa kubwa kuliko jiko. Akatia maji ya vikombe viwili, yakapotea chini kama mvua kisimani. Akanywa kikombe kimoja, na cha pili akakinywa pia, maana katika nyumba ya Mama Chai chai haimwagwi.

Jumatatu dirisha dogo nalo lilitiwa kitasa cha namba. Bahasha yake iliwekwa mahali salama.

Na ninyi mtakaosema haya hayakuwa, nendeni Kituoni, ombeni kumbukumbu rasmi za kongamano lile. Mtakuta kurasa sitini na moja za hotuba, majina ya waliohudhuria kwa vyeo vyao, shukrani kwa Mkurugenzi kwa uongozi wake thabiti wakati wa dharura. Pitisheni macho. Ukurasa wa ishirini na mbili, mstari wa mwisho, Katibu ameandika vita vyote, mazingiwa, mkataba na ushindi, kwa maneno mawili: Chai ilinywewa. Someni maneno hayo mkiwa mmesimama.